Fundi aliyenyang'anywa randa: uchambuzi wa kisa cha saratani ya hatua ya nne

Mgonjwa wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 57, fundi seremala, mwenye mke na watoto watatu wakubwa. Si mtu mmoja unayeweza kumtafuta ukampata. Kisa kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa aina yake, ili mtiririko wote uonekane mahali pamoja. Alikwenda hospitali kwa kikohozi kisichoisha na maumivu ya mgongo aliyodhani ni ya kazi. Picha za sikani na kinyama kilichotolewa pafuni vikaonyesha saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa kwenye ini, pingili mbili za mgongo na mfupa wa nyonga. Uvimbe haukuwa na badiliko la vinasaba lenye dawa yake mahususi, kwa hiyo akaanzishiwa tiba ya kemikali pamoja na tiba ya kinga, kila baada ya siku 21. Alipouliza amebakiza muda gani, alijibiwa: "Kama mwaka."

Baada ya mzunguko wa pili wa dawa, timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya mgonjwa na familia yake, iliombwa imwone. Barua ya rufaa ilisema amekata tamaa, hali chakula, haongei, anakataa wageni, apewe ushauri nasaha. Barua za namna hii ni nyingi, na nyingi zina kasoro ileile: zinampeleka kwa mshauri mtu ambaye usiku kucha anaumwa mgongo.

Mwili kwanza

Alipoulizwa maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, alitaja 4 akiwa amekaa na 8 akijigeuza kitandani. Mofini ya maji alikuwa nayo, na chupa ilikuwa karibu imejaa. Aliinywa "ikizidi" tu, kwa kuogopa mambo mawili: kwamba itamfanya teja, na kwamba akiianza mapema haitamsaidia siku atakapoihitaji kweli. Hofu hizo humkuta karibu kila mgonjwa. Ya pili haina msingi kabisa, kwa sababu nguvu ya mofini si akiba inayoliwa ikaisha. Maumivu yakipanda, dozi hupandishwa. Ya kwanza ni nadra kutokea kwa mtu anayekunywa kipimo alichopangiwa kwa ajili ya maumivu ya saratani. Kungoja ndiko kunakoharibu. Maumivu yakishafika 8, dozi ndogo haiyawezi tena, mgonjwa anaona dawa haifai, na anazidi kuiacha.

Akapangiwa miligramu 5 kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa ya ukutani, iwe inauma au haiumi. Dozi ya kulalia ilikuwa mara mbili ili asiamke usiku wa manane kunywa dawa. Maumivu yakichomoza katikati, aliruhusiwa miligramu 5 za nyongeza na kuandika saa aliyozinywa. Baada ya siku 2, jumla ya saa 24 pamoja na nyongeza zote inagawanywa upya, na dozi inapanda kwa hesabu badala ya kubahatisha. Mpango huu ni wa mtu mwenye figo nzima. Figo zikiwa dhaifu, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, mgonjwa akaanza kusinzia kupita kiasi na misuli kumrukaruka.

Siku hiyohiyo akapewa sena ya kulegeza choo, kwa sababu ilibainika hajapata haja kubwa kwa siku 6. Sehemu kubwa ya ile "hali chakula" ilikuwa hapo. Kichefuchefu cha mofini kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hivi, kusinzia ndani ya siku chache, lakini kufunga choo hudumu muda wote mtu anapoitumia. Anayeandika mofini bila dawa ya choo anamtafutia mgonjwa sababu ya kuitupa mofini.

Kwa mgongo alipigwa mionzi mara moja tu, kwa kipimo cha grei 8. Aliambiwa mapema kwamba nafuu huchukua wiki 2 hadi 4 na kwamba siku za mwanzo maumivu yanaweza hata kuongezeka. Asingeambiwa, angerudi nyumbani akiamini wameharibu. Mke wake naye alifundishwa dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo bila kungoja kesho: miguu kulegea au kufa ganzi, mkojo kukwama au kutoka bila kujijua, na maumivu ya mgongo yanayozunguka kifua au tumbo kama mkanda. Uti wa mgongo ukibanwa, saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena.

Usingizi ulipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Vidonge vya steroidi alivyopewa kuendana na kemikali alikuwa anavimeza asubuhi na jioni. Cha jioni kikahamishiwa mchana, kabla ya saa nane. Steroidi humfanya mtu akodoe macho usiku na kumwacha ameporomoka siku chache baada ya kuisha, na mporomoko huo familia huuona wakadhani ugonjwa umeruka hatua.

Wiki mbili baadaye maumivu yalikuwa 2, alikuwa anakula na anapata usingizi wa kutosha. Bado hakuwa anaongea, ila sasa alikuwapo mtu wa kuongea naye.

"Kama mwaka" maana yake nini

Fundi alikuwa amelichukua jibu lile kama tarehe. Alikuwa na mwezi wake kichwani. Miwani yake ilikuwa na kioo kilichopasuka, na alikataa kununua mingine kwa hoja kwamba "itabaki". Kabla ya kumwambia lolote, aliulizwa swali ambalo husahaulika mara nyingi: ungependa kujua kiasi gani, na nani awepo? Akasema anataka kujua yote, mkewe awepo, watoto wasiwepo kwanza.

Namba anayotaja daktari mara nyingi ni mediani. Ukiwapanga wagonjwa 100 wenye hali inayofanana, kuanzia aliyeishi muda mfupi zaidi hadi aliyeishi mrefu zaidi, mediani ni muda wa yule wa katikati. Nusu wako nyuma yake na nusu wako mbele, na wa mbele hawajabanana: baadhi yao wanafika mbali sana. Mwanasayansi wa Marekani Stephen Jay Gould aligunduliwa mesothelioma ya tumbo, saratani ya utando wa ndani ya tumbo, mwaka 1982, ugonjwa uliokuwa na mediani ya miezi 8. Aliishi miaka 20 zaidi, akafariki mwaka 2002 kwa saratani nyingine. Mfano wake hutumiwa vibaya kama ahadi. Unachothibitisha ni kwamba mkia wa mstari ule upo na una watu halisi, basi.

Iko njia ya kukokotoa ambayo madaktari wa saratani huitumia, na inafaa kufanywa kwenye karatasi mbele ya mgonjwa. Chukua mediani uigawe kwa mbili, kisha uizidishe kwa mbili: takribani nusu ya watu wataangukia katikati ya namba hizo. Kwa miezi 12, hapo ni miezi 6 hadi 24. Sehemu moja ya kumi wanaopata bahati mbaya kabisa hawavuki robo au sudusi (sehemu moja ya sita) ya mediani, yaani miezi 2 hadi 3. Sehemu moja ya kumi wanaopata bahati njema hufika mara tatu hadi nne, yaani miaka 3 au 4. Fundi akaandikiwa mistari mitatu: hali mbaya, hali ya wengi, hali njema. Alipoitazama karatasi, alisema kwamba kwa mara ya kwanza anaona kitu cha kupangia.

Ni kweli pia kwamba madaktari hukosea, na zaidi hukosea kwa kutia matumaini. Utafiti wa Christakis na Lamont uliochapishwa mwaka 2000, uliofuatilia wagonjwa 468 walioingia huduma za kufariji walio mwishoni mwa maisha, ulikuta makadirio 20 tu kati ya kila 100 ndiyo yaliyokaribia ukweli, na 63 yalizidisha muda. Hilo aliambiwa. Mtu mzima anayepanga mambo yake anastahili kujua ubovu wa kipimo anachotumia.

Sonona, au maisha kukosa sababu?

Dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona, lilimpa 16 kati ya 27, na 10 tayari inatosha kumtilia mtu shaka ya sonona. Lakini maswali kadhaa ya dodoso hilo yanahusu usingizi, hamu ya kula, uchovu na kupoa kwa mwendo, mambo ambayo saratani na dawa zake huyaleta zenyewe. Kwa mgonjwa wa aina hii uzito uwekwe kwenye maswali mengine: je, anajiona hana thamani, anajilaumu, hafurahii hata kitu alichokipenda sana, anatamani kufa? Swali la kujiua liulizwe waziwazi. Kuliuliza hakumpandikizii mtu wazo. Alijibu hataki kujiua, ila akilala asiamke haoni hasara.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo mkewe alilitaja kama mzaha: juzi mmoja wa wanafunzi wake wa useremala alikuja kusimulia jinsi alivyopigilia mlango kichwa chini, na fundi akacheka hadi akakohoa. Hiyo ni taarifa ya kitabibu. Mwenye sonona nzito hata kichekesho hakimwingii. Huyu raha ya papo kwa papo bado ilimfikia. Kilichokosekana ni sababu ya kungoja kesho. Hali hizo mbili hufanana kwa mbali na mara nyingi huja pamoja, lakini tiba zake hazifanani. Akapewa mirtazapini miligramu 15 usiku kwa ajili ya sonona, kwa kuwa husaidia pia usingizi na hamu ya kula, akielezwa kwamba moyo hauinuki kabla ya wiki 2 hadi 4 na kwamba wiki ya kwanza, ikichanganyika na mofini, inaweza kumlaza sana. Kwa ile hali ya pili dawa hakuna. Ilibidi nyumba yake ichunguzwe.

Nyumba iliyompumzisha mno

Tangu siku ya majibu, kila mtu alikuwa amefanya kilicho chema. Mwana mkubwa alichukua funguo za karakana. Binti alihamisha vyombo vya kazi stoo ili baba asione akaumia. Mke alianza kumkatia chakula. Wateja waliambiwa fundi amestaafu. Simu yake ilipokelewa na wengine. Alipotaka kubeba kiti kutoka sebuleni kwenda barazani, watu wawili walikimbia kumpokea. Bili, ada, mkopo wa mbao, hata ugomvi wa mafundi wawili karakanani, vyote vilifichwa asije akasumbuka.

Kwa maoni yetu hili ndilo lililomlaza kuliko saratani yenyewe, na ndilo gumu zaidi kulisema kwa sababu waliolifanya wanampenda. Ndani ya wiki 6 mtu aliyekuwa anaulizwa mambo thelathini kwa siku akabaki anaulizwa moja: "Baba, umekunywa dawa?" Ugonjwa ulikuwa umechukua pumzi yake na sehemu ya nguvu zake. Uamuzi, kuhitajika, kukosoa kazi ya mtu na kugombezwa kwa kuchelewa vilichukuliwa na nyumba.

Juu yake ukaja usemi wa "kaza moyo, ukikaza moyo utapona". Unatolewa kwa nia njema, lakini una bei yake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na James Coyne uliowafuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani za kichwa na shingo, na hali ya kihisia haikutabiri nani ataishi muda mrefu. Mtu aliyeaminishwa kwamba moyo ndio unaoponya, siku sikani ikija mbaya anajikuta mgonjwa na mkosaji kwa pamoja. Fundi alikuwa ameacha kulia mbele ya mkewe kwa sababu hiyo. Mke naye alikuwa akilia bafuni, bomba likiwa wazi. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake na jambo ambalo wote walilijua.

Kikao cha familia kilichukua dakika 45. Muuguzi alianza kwa kumwomba kila mmoja aseme anachokijua kuhusu ugonjwa, kabla ya yeye kusema lolote, na ikaonekana hakuna siri iliyobaki. Kisha fundi akaulizwa mbele yao: katika yote waliyokupokea, yapi ungependa urudishiwe? Alikaa kimya kitambo. Halafu akataja vitu vitatu: simu yake, funguo, na kukatiwa chakula kukome. Mwana mkubwa akapinga kuhusu funguo: "Baba, ukianguka kule peke yako?" Hoja hiyo ni halali na ilijibiwa kwa mpango badala ya maneno matamu: haendi peke yake, haendi siku zisizofaa, na simu inakaa mfukoni.

Wageni walipangiwa pia. Mke aliruhusiwa kusema "leo hapana" bila maelezo. Waliokuja waliombwa waache "usijali, utapona tu", kwa kuwa hiyo humfunga mgonjwa mdomo, na badala yake waulize "leo umeamkaje?" au walete swali la kazi. Maswali ya kazi ndiyo yaliyopendwa.

Kurudi karakana, kwa vipimo

Uhai wa mtu anayepata kemikali kila siku 21 hauko sawa kila wiki, na kuupanga kana kwamba uko sawa ni kosa la kwanza. Kwake siku ya 3 hadi ya 7 ndizo za uchovu mkubwa, steroidi zikiwa zimeisha. Katikati ya wiki ya pili chembe nyeupe za damu huwa chini zaidi: aepuke msongamano, na joto likifika digrii 38 aende hospitali bila kungoja. Wiki ya tatu ndiyo wiki yake. Miadi, wageni wa mbali na saa za karakana vikahamishiwa huko.

Kazi yenyewe ilibidi ichambuliwe kipande kwa kipande. Kunyanyua mbao na kujipinda akiwa amebeba kulikatazwa kwa sababu ya pingili na nyonga. Msasa na msumeno wa umeme vilitoka kabisa, kwa kuwa vumbi laini la mbao halina nafasi kwenye mapafu yale. Kilichobaki si kidogo: kupima, kuchora, kuchagua ubao kwa kuangalia nyuzi zake, kukagua pembe kwa guniya, kukata kwa patasi akiwa amekaa, na kufundisha. Meza ya kazi ilishushwa hadi usawa wa kiwiko akiwa kwenye kiti chenye mgongo, vyombo vikapangwa pasipomlazimu kuinama wala kuinua mikono juu ya bega, maana mikono ikiinuliwa pumzi hukatika upesi. Akanunua miwani.

Alianza na dakika 10 asubuhi na 10 alasiri. Sharti lilikuwa kuacha akiwa bado ana nguvu ya kuendelea. Kila kipindi kiliandikwa kwenye daftari: saa, alichofanya, nguvu kabla na baada, na raha, zote kwa 0 hadi 10. Mantiki yake ni hii: mtu aliyepoteza hamu akingoja hamu irudi ndipo afanye jambo, hungoja sana, akifanya kidogo kwa ratiba, hamu hufuata nyuma. Safu ya raha ndiyo iliyoshangaza. Kukaa barazani "kupumzika", jambo ambalo nyumba nzima iliona ni zuri kwake, kulipata 2. Kumkosoa mwanafunzi kwenye uchoraji wa dirisha kulipata 8.

Pumzi ilipobana, alifundishwa kuinamia mbele viwiko vikiwa mezani, kutoa hewa taratibu kwa midomo iliyobanwa, na kujipulizia usoni, usawa wa pua na midomo, kwa feni ndogo ya mkononi. Feni hiyo hudharauliwa kwa udogo wake, lakini upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa hata oksijeni ya damu isipobadilika.

Kilichokwenda kombo

Wiki ya tano ya mpango aliamka na nguvu akakaa karakanani saa 3 mfululizo. Akalala siku 2. Familia ikataka kufuta kila kitu, na hapo daftari likasaidia: mistari ilionyesha kwamba dakika 40 zilikuwa hazimdhuru, na kilichomwangusha ni kuruka kutoka 40 hadi 180. Hii ndiyo namna mipango mingi inavyokufa. Mgonjwa hutumia siku njema kulipa deni la siku zote mbaya, anaanguka, na kila mtu anahitimisha kwamba kazi ndiyo mbaya.

Kombo la pili lilikuwa zito zaidi. Alikuwa amekata kwa patasi kiungo cha ulimi na tundu cha mguu wa kiti, na kikalegea kidogo kwa sababu kemikali zilikuwa zimemtia ganzi ncha za vidole. Mwanafunzi wake aliona, akangoja fundi aondoke, akakirudia chote upya na hakusema. Fundi alikigundua kesho yake kwa alama ya patasi isiyokuwa yake. Hakwenda karakana kwa siku 9. Mwanafunzi alidhani amemsitiri, kumbe amemwambia kwamba hapa unachezeshwa kama mtoto. Lililorekebisha hali ni mwanafunzi kuja kusema, "Fundi, kiungo kililegea, nikaona aibu kukwambia," na fundi kujibu kwamba kazi mbovu inasemwa mezani. Kuanzia hapo wakakubaliana: anachora na kukata mstari wa kwanza, vidole vyenye hisia vinamalizia, na kasoro inatajwa papo hapo. Ganzi yenyewe iliripotiwa kliniki, jambo lililopaswa kufanywa mapema, kwa kuwa dozi ya kemikali huweza kupunguzwa kabla haijawa ya kudumu.

Wiki ya kabla ya kila sikani ilikuwa mbaya bila kukosa. Hiyo haifutiki. Iliwekewa kazi fupi zinazoshika akili, kama kukokotoa mbao za kabati, na majibu yakapangiwa siku na saa maalumu, yatolewe ana kwa ana mkewe akiwapo.

Sauti iliyorekodiwa

Mwezi wa saba alipewa mazungumzo yanayofuata njia iliyobuniwa na Harvey Max Chochinov wa Kanada: mtu huulizwa maswali machache kuhusu maisha yake, anayojivunia, anayotaka watu wake wayajue au wayakumbuke, sauti hurekodiwa, huandikwa ndani ya siku chache, husafishwa, kisha husomwa mbele yake asahihishe. Katika utafiti wa kwanza wa mwaka 2005, kati ya wagonjwa 100, asilimia 68 walisema iliwaongezea hisia ya kuwa na lengo, na asilimia 47 ari ya kuishi. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2011 halikuonyesha kwamba inapunguza mfadhaiko kuliko huduma nyingine, ingawa wagonjwa waliiona imewasaidia zaidi. Kwa hiyo si tiba ya sonona, na isitolewe kama tiba.

Hatari yake inajulikana kidogo: mtu anaweza kusema jambo litakalomchoma aliyebaki. Fundi alisema mwanawe wa pili "hakuwahi kuwa na mkono wa kazi". Aliposomewa alistuka, akaomba sentensi ile itoke na badala yake yaingie maelezo ya jinsi kijana huyo alivyomfundisha kutumia simu kuhesabu mbao. Ndiyo maana kusomewa si hatua ya kurukwa. Robo tatu ya kurasa zilizobaki zilikuwa ufundi mtupu: namna ya kujua ubao haujakauka, kwa nini gundi hukataa, mteja wa aina gani alipwe fedha zake arudi zake.

Mwezi wa kumi

Dodoso lilikuwa limeshuka hadi 6 katika mwezi wa nane. Mwezi wa kumi sikani ikaonyesha ini limezidiwa. Alipewa chaguo la dosetakseli, dawa ya mstari wa pili, yaani inayotumiwa ya kwanza ikishindwa, ambayo pia hutolewa kila wiki 3 na huchosha. Swali lake kwa daktari lilikuwa la mtu anayejua anachonunua: "Kati ya wiki hizo tatu, ngapi nitaweza kukaa mezani?" Akajibiwa pengine moja, tena si kwa uhakika. Waliafikiana ajaribu mizunguko 2, kisha sikani, na sharti la kuacha likaandikwa mapema: uvimbe ukiendelea kukua, au akikosa siku 4 za karakana katika kila mzunguko, tiba inasimama. Kuandika sharti kabla ya kuanza kuna faida moja kubwa: siku ya kuacha ikifika, hakuna anayelazimika kuonekana ndiye aliyekata tamaa.

Mpango wa karakana ukabadilishwa tena. Patasi ikatoka. Kuchora kukabaki, na asipoweza kuchora, ataangalia kazi kupitia picha za simu na kuisema kwa sauti. Mke alipewa nusu siku mbili kwa wiki za kutoka nyumbani, mwana wa pili akikaa zamu. Na kwa kuwa siku inakuja ambapo hataweza kumeza, muuguzi aliweka hesabu ya mofini ya sindano ya chini ya ngozi, ambayo huanzia nusu ya jumla ya ile ya kunywa kwa saa 24, ikarekebishwa kila dozi ilipopanda, na namba ya kupiga usiku ikabandikwa pembeni yake.